Shimo la kenge au la guruguru?

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, anaeleza kwamba katika darsa ilisomwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya watu watakaowafuata waliowatangulia hata wakiingia katika shimo la mnyama ambaye Waarabu humwita "dhabb", na ustadhi akamfasiri mnyama huyo kuwa ni kenge. Ami yake aliyekaa Maskati miaka mingi amepinga. Anauliza nani ana haki.

Ami yako ana haki, ingawa ustadhi hakuzusha jambo, kwani tafsiri hiyo imeenea mno katika vitabu vyetu vya dini.

Kenge ni mla nyama mwenye ulimi wa panda kama wa nyoka, na kila mfuga kuku anamjua kwa wizi wa mayai. Ndugu yake wa jangwani kwa Kiarabu ni "waral", naye ameenea kuanzia Mauritania na Moroko, akapita Sahara na Bara Arabu, mpaka Turkmenistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya India. Dhabb ni mwengine kabisa: mnene, kichwa kifupi, mkia umejaa miiba, chakula chake kikuu ni majani, na hujichimbia shimo refu katika ardhi ngumu. Jamii yake hukaa Sahara na Bara Arabu, Omani ikiwemo, mpaka Irani. Visiwani kwetu hayupo, basi si ajabu kwamba lugha haikumpa jina. Hata Bara Arabu kwenyewe hakuwa kila mahali: Khalid bin Walid alimla mbele ya Mtume, ambaye hakumharamisha lakini mwenyewe hakumla, kwa kuwa mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake Mtume. Ukiandika "kenge" hapo, unamweka mezani mnyama mwengine, na mwanafunzi wa fikihi ataondoka na hukumu isiyo yake.

Mimi ningeandika "guruguru wa jangwani", kwa sababu guruguru ni mjusi mkubwa akaaye shimoni, na shimo ndilo khasa linalokusudiwa katika hadithi ile. "Kenge wa jangwani" tumwachie waral. Kulitohoa neno lenyewe tukaandika "dhabi" sikushauri: herufi zetu hazitenganishi dhadi na dhaa, herufi mbili za Kiarabu ambazo sisi zote twaziandika "dh", na msomaji atakumbuka Abu Dhabi, ambayo dhabi wake ni paa.