Usiichomeke bado

Ndugu yangu wa Jinja, umesema umeikuta Commodore 64, ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, kwenye stoo ya marehemu mjomba wako na leo jioni unataka kuichomeka uone kama inawaka. Nakuomba sana, subiri. Kinachoua mashine hizi mara nyingi ni adapta yake, lile tofali zito. Hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, na kidhibiti cha zile 5 kimefukiwa ndani ya gundi ngumu, kinapika humo humo. Kikichoka, volti hupanda na chipu za kumbukumbu huungua.

Yangu ilikufa hivyo hivyo. Skrini ilibaki nyeusi tii. Nikapitisha kidole juu ya zile chipu 8 za kumbukumbu: sita baridi, mbili za moto hata kidole hakikai. Ilinichukua wiki nzima kuzing'oa bila kuharibu bodi.

Kwa hiyo mpelekee fundi wa redio mwenye mita aipime adapta kwanza. Zile volti 5 zikizidi 5.2, iache kabisa. Hata ikipima vizuri leo, mimi nisingeiamini. Mashine hii ilitoka 1982, na umeme wetu unavyopanda na kushuka unaujua. Afadhali utengenezewe adapta mpya.

Televisheni tafuta ya kichogo, kwa waya wa antena jaribu chaneli ya 36. Kaseti za mjomba usizitupe, huenda zina programu za mashine hii! Zipo ngapi, na zimeandikwa nini?