Nikahi Point Lenana jua likitoka: siku ngapi, betri, pete na walii

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa Malindi, nimelifupisha: "Asalaam aleikum kaka. Mimi na mchumba wangu tunapenda sana milima na kulala kempu, na harusi ya watu mia tano hatuitaki. Tunataka kwenda Mlima Kenya, nikahi ifungwe kileleni Point Lenana jua likichomoza, tuwe watu sita pamoja na mpiga picha. Tuna siku tatu, kutoka Malindi mpaka kurudi. Inawezekana? Na kamera kwenye baridi ile inakuwaje, betri hazifi?"

Waaleikum salaam dadangu, na hongera. Inawezekana, lakini si kwa siku tatu, na nikahi yenyewe mimi ningeifunga huku huku chini halafu mlima uwe wenu wawili.

Tuanze na siku maana hapa ndipo watu wa pwani tunapoumia. Sisi tunalala usawa wa bahari, Malindi kama Lamu, na Lenana ni mita 4,985, kule pumzi moja unayovuta inakupa oksijeni nusu na kidogo tu ya unayoipata hapa ufukweni. Mwili unazoea, ila unazoea kwa mwendo wake. Mkipita njia ya Sirimon mtaanzia geti lililo kama mita 2,650, mlale kambi ya Old Moses mita 3,300, kisha kambi ya Shipton's mita 4,200, na kanuni ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe pahali pa kulala zaidi ya kama mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa angalia, Old Moses mpaka Shipton's peke yake ni 900! Kwa hivyo laleni Nanyuki usiku mmoja, Old Moses mbili, Shipton's mbili, mchana mnapanda kidogo mnashuka kulala, ndio mwende kileleni. Ukiweka na safari ya kutoka Malindi hiyo ni wiki nzima, na kama wiki haipatikani basi fungueni moyo mpige picha chini kwenye bonde la Mackinder, kule kwenye ile mimea mikubwa ya ajabu, ni pazuri mno wallahi. Kichwa kikiuma na moyo ukichafuka msipande zaidi, na mtu akianza kukohoa na kuhema hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, usiku ama mchana, hata kama nguo ya harusi ishavaliwa. Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea, inaitwa acetazolamide, muulizeni daktari kabla hamjatoka nyumbani.

Betri sasa. Hazifi, zinazimia. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kemikali na baridi inazipunguza kasi, kamera inasoma imeisha kumbe chaji ingalimo, ukiipasha kwenye kwapa inarudi. Mpiga picha wenu abebe nne au tano, azivae mfuko wa ndani karibu na mwili na usiku alale nazo kwenye slipingi begi, na simu zenu vilevile. Kinachoharibu kamera zaidi ni kurudi: ukitoka nje kwenye barafu ukaingia kibandani kwenye chai na pumzi za watu, mvuke unageuka maji juu ya lenzi na mpaka ndani. Tia kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa uufunge kabisa ukiwa bado nje, uiache humo mpaka ipate joto, ndio ufungue. Na theluji ikiwepo kamera itadanganyika iifanye kijivu, kanzu nayo iwe kijivu, aongeze eksposha, yaani mwanga wa picha, stopu moja hivi.

Jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu na huku kwetu ikweta kucha ni haraka, ile rangi ya dhahabu haikungoji. Kutoka Shipton's tokeni saa nane usiku, mtapanda masaa manne na zaidi, mtasali alfajiri njiani. Vaeni sufi ndani na kanzu na gauni vipanuliwe vivaliwe juu yake.

Pete msiziache mpaka kileleni. Mwaka fulani bwana harusi alishika kidole cha mkewe akasukuma pete, haipiti kwenye kifundo, vidole huvimba huko juu, yule dada akaanza kulia na machozi yale ya baridi. Tulitoa uzi wa kiatu tukaifunga shingoni. Na kikuba cha asmini alichosukiwa na mama yake, kilipanda cheupe, alfajiri kilikuwa cha kahawia chote. Maua ya mlimani nayo msichume, ni mbuga ya taifa.

Mwisho nikahi. Hapa kwetu bibi harusi mara nyingi hata msikitini hayupo, anayehitajika ni walii wako, yaani babako anayekuozesha, na mashahidi. Sasa babako atapanda mita 4,985? Anaweza kumpa mtu mwingine uwakala amuozeshee, sawa, lakini muulize kwanza kama ndivyo anavyotaka, maana mzee kumuozesha bintiye kwa mkono wake ni jambo analoliwaza tangu umezaliwa. Ifungwe Malindi baada ya Alasiri, watu kumi, kahawa na halua, cheti cha kadhi mkononi, kesho yake mwondoke. Mtu asije akasema mmetoroka.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Agosti. Ukishapata tarehe niandikie tuangalie na mwezi wa mbinguni, tarehe kumi na nne kumi na tano za mwezi wa Kiislamu mnapanda bila kuwasha tochi na kilele chote mnakiona tangu mbali.