Punda kibeti na mbuzi wanane

Dada, umeuliza kama punda kibeti mmoja atawalinda mbuzi wako wanane dhidi ya koyote (mbweha wa Amerika), hapo kwenye ekari zako mbili Texas. Hapana. Hawa wenye asili ya visiwa vya Sicily na Sardinia hawazidi inchi 36 mabegani. Hata mbwa wawili wa jirani wanaweza kumrarua. Kwa ulinzi tafuta punda wa kimo cha kawaida, jike au dume aliyehasiwa.

Ukiwataka hao vibeti kwa ajili ya watoto, sawa, ila nunua wawili. Punda wa pekee hunyong'onyea, na kilio chake majirani watakisikia.

Mimi nilikosea kwenye kuwalisha wangu. Niliona punda mwembamba ni aibu, nikawaachia nyasi mbichi kutwa nzima na nafaka juu. Kumbe huyu mnyama ameumbiwa nchi kame! Mmoja akajaa mafuta shingoni (hayo hayatoki kirahisi hata akikonda), kisha kwato zikavimba ndani, akawa kila hatua ni maumivu. Sasa wanakula mabua ya shayiri kwa wingi, hei (nyasi kavu) kidogo, jiwe la kulamba chumvi na maji safi. Na chakula cha mbuzi chenye dawa ya monensini kifungie mbali, kinaua punda.

Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 10. Dume asiyehasiwa usimchukue hata ukipewa bure, anauma.

Halafu wanaishi miaka 25 au zaidi. Binti yako akienda chuo, atabaki nao nani?