Shangazi, nachora ramani ya mawazo lakini kwa testi kichwa kitupu

SWALI: Shangazi salamu alekum. Niko fomu foo hapa Malindi, mwaka huu nafanya KCSE. Ticha wetu wa historia alitufunza hizi maindimapu, unaandika topiki katikati ya karatasi halafu unatoa matawi. Zangu zinatoka poa sana, penseli za rangi ninazo, mpaka wenzangu huzipiga picha na simu, lakini nikikaa kwa testi hata nusu sikumbuki. Si bora nirudi kusoma noti tu?
– Mwenye rangi nyingi, Malindi

JIBU: Alekum salaam mwanangu. Ukichora, kitabu huwa kiko wapi? Nadhani kiko wazi hapo mbele yako. Basi taabu ndiyo hiyo, manake unahamisha tu maneno, mkono unafanya kazi na kichwa kimekaa kinatazama.

Soma topiki vizuri, funga kitabu kitie hata chini ya mto, halafu chora kwa biro nyeusi vile unavyokumbuka. Ukikwama usichungulie, jikune kichwa hapo hapo, huko kujikuna ndiko kusoma kwenyewe. Ukimaliza ndio ufungue, uliyoyasahau uyajaze kwa biro nyekundu, na kesho kutwa uchore upya kwa karatasi nyingine uone nyekundu imepungua ama bado. Wala si maneno yangu, 2011 watafiti wa Marekani, Karpicke na Blunt, walionyesha kwenye jarida la Science kwamba wanafunzi waliochora ramani za dhana (hizo ni binamu wa hizi zako) kitabu kikiwa wazi walipitwa na wenzao waliosoma, wakafunga, wakajaribu kukumbuka. Na hata mtihani ulipokuwa wa kuchora ramani yenyewe, bado walipitwa!

Shika topiki ya Wareno, ambayo mtu wa Malindi huna kisingizio, mnara wa Vasco da Gama si huo hapo. Katikati WARENO PWANI. Tawi la "kuja": 1498, da Gama afika, Mombasa wakamfukuza, Malindi wakampokea wakampa na rubani wa kumvusha mpaka India. Tawi la "vita": Mombasa kuchomwa 1505. Tawi la "Fort Jesus": ngome ya Wareno Mombasa, 1593 kuanza kujengwa. Tawi la "kuanguka": Waomani wakaizingira 1696, wakaitwaa 1698. Sasa utamu uko kwa mishale. Pale "Malindi wakampokea" toa mshale uandike "ugomvi na Mombasa", kwa sababu mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama na Mombasa na anatafuta wa kumsaidia, kisha mshale huo uburute mpaka Fort Jesus, maana Wareno walipohamia Mombasa ndipo Malindi ikaanza kufifia. Ukiulizwa "eleza sababu", jibu utalipata kwa mshale, matawi yatakupa miaka na majina tu.

Tony Buzan, yule Muingereza aliyezitangaza ramani hizi kwenye tivii ya BBC 1974, alisisitiza neno moja kwa kila tawi, na hapo namuunga mkono, ila kwa mshale wewe andika hata maneno matano. Rangi mbili zatosha, hizo penseli nyingine mpe mdogo wako.

SWALI: Shangazi, sisi vijana wa Lamu twataka kuanzisha safari za jahazi za watalii. Tukikaa kupanga kila mtu ana lake, mwisho ni kelele tu. Hiyo ramani ya mawazo yaweza kutusaidia?
– Nahodha mtarajiwa, Lamu

JIBU: Yaweza, lakini msianze na karatasi moja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshika biro na nyinyi wengine mtaitikia. Kila mmoja achore yake kivyake, kimya, dakika kumi hivi, ndipo mzitandaze zote mkekani. Mtaona tawi la "wageni" limejaa kwa kila mtu, Shela, machweo, magofu ya Takwa (hapo mkumbuke kwenda maji yakijaa), na tawi la laisensi na laifujaketi pengine hakuna aliyeliandika hata mmoja. Hayo yaliyokosekana ndiyo ajenda ya mkutano wenu. Halafu ongezeni tawi la kusi: bahari ikichafuka na wageni wakipungua, jahazi litafanya kazi gani na nyinyi mtakula nini?