Macho Arobaini na Moja

Swali lenu la juma lililopita lilikuwa hili: "Je, umewahi kujigundua kuwa mraibu wa mitandao ya kijamii, na ni nini kilichokujulisha?" Nimewahi, na kilichonichelewesha kujua ni kwamba simu yangu ilikuwa na kisingizio kizuri kuliko za watu wengi: ndiyo iliyokuwa ikiniletea unga.

Ninauza mitumba katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Robota likifunguliwa Jumamosi, zile nguo za mwanzo, ambazo sisi wa biashara hii huziita kamera, huzipiga picha na kuziweka kwenye stetasi ya WhatsApp kabla hazijatundikwa, maana Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, na mteja aliyekwisha kuchagua akiwa kwake Nyalenda au Mamboleo huja moja kwa moja kibandani pangu na pesa yake. Kwa hiyo kila nilipoambiwa kwamba nimehamia ndani ya simu, jibu langu lilikuwa tayari: niko kazini. Na ilikuwa kweli, nusu yake.

Ile nusu nyingine niliiona Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Huku kwetu zilipotea jioni, giza likikaribia, zikarudi baada ya saa sita usiku. Nilidhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikanunua bando la pili, kisha nikatoka hadi langoni nikiwa nimeinyanyua juu kama mtu anayemulika njia. Saa nne usiku niliketi kitandani nikajiuliza ninamtafuta nani hasa. Nguo zilikuwa zimeuzwa jana yake. Zilizobaki zilikuwa fagia, zile za kumwagwa chini ambazo hakuna anayejisumbua kuzipiga picha. Hakuna mteja aliyekuwa akinisubiri. Kwenye stetasi kulikuwa na picha moja tu, ya kibanda kitupu, niliyoiweka asubuhi kuwashukuru wateja, na nilipoiangalia mara ya mwisho ilikuwa imetazamwa na macho arobaini na moja. Nilichokuwa nikikitafuta usiku ule, kwa gharama ya bando mbili, ni kujua kama yamefika hamsini.

Neno lenyewe, uraibu, nalipenda kwa sababu halina kelele. Kwa watu wa pwani ni tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, kitu anachokaribishwa mgeni na ambacho mwenyeji hukikosa mdomoni kisipokuwapo. Sidai kwamba nilikuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja uraibu wa michezo ya video lakini halikuutaja wa mitandao ya kijamii. Hata hivyo, mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, nchini Norwei, walitunga maswali sita kuhusu Facebook ambayo mtu yeyote anaweza kujiuliza: kama unaifikiria hata usipoitumia, kama unazidi kuitaka, kama unaikimbilia ili usahau shida zako, kama umejaribu kupunguza ukashindwa, kama unakosa utulivu ukizuiwa, na kama imeharibu kazi au masomo yako. Anayejibu "mara nyingi" kwa manne kati ya hayo, walisema, ana sababu ya kujiangalia. Nilipoweka WhatsApp mahali pa Facebook, mimi nilipata matano. La kuharibu kazi nililiruka, nikijiambia kwamba simu ndiyo kazi.

Nilikuja kulijibu kibandani. Mama mmoja alisimama mbele yangu akiwa ameshika sketi ya kijani, akauliza bei, nami nikamwambia angoje kidogo, kwa kuwa nilikuwa ninamjibu mtu fulani wa mtandaoni ambaye huuliza bei kila wiki na hajawahi kununua hata soksi. Nilipoinua uso sketi ilikuwa imerudishwa kwenye kamba na yule mama alikuwa kwa jirani yangu, akihesabiwa chenji ya shilingi 500. Jirani hakunicheka. Aliniambia tu, "Dada, huyo alikuwa na pesa mkononi."

Nimejiuliza sana kwa nini ilikuwa ile orodha ya watazamaji, wala si ujumbe wala picha za wengine, iliyonishika. Nadhani ni kwa sababu haitabiriki: leo macho tisa, kesho sitini, na nguo ni zilezile. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliona katika majaribio yake kwamba njiwa anayepewa punje kila baada ya idadi maalumu ya kudonoa hupumzika kidogo akishaipata, lakini yule ambaye punje yake huja bila hesabu inayojulikana huendelea kudonoa bila kutua. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani kwamba swali lililowaongoza walipokuwa wakiijenga ni namna ya kuchukua muda na usikivu wa watu kadiri iwezekanavyo. Sisemi hivyo ili nijitoe lawamani. Bando nilinunua mwenyewe.

Nilichofanya ni kidogo. Katika mipangilio ya WhatsApp, ukizima zile alama za buluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa, huwezi tena kuona ni nani ameitazama stetasi yako. Nilizizima. Picha ninaziweka saa kumi na mbili asubuhi, kisha simu inaingia kwenye mkoba wa pesa kiunoni, mahali ambapo ni lazima nifungue zipu mbili kuifikia. Siku za kwanza kidole kilikuwa kikienda chenyewe. Mauzo hayakushuka. Mwezi wa nne niliziwasha tena kwa siku mbili, kwa kisingizio kwamba ninataka kuwajua wateja wangu wa kweli, nikahesabu macho hadi usiku wa pili, nikazizima.

Jumapili iliyopita alikuja kijana mmoja akaulizia shati la buluu lenye mifuko miwili, akalieleza hadi kifungo kilichokosekana. Nilikuwa nimeliweka alfajiri. Nilijua ameliona aliponiambia.