Nifanyeje Chumba cha Kupanga Kiwe Kwangu?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni muuguzi, nimehamia Dar es Salaam kutoka Tanga na nimepanga chumba kimoja. Mara nyingi nafanya kazi zamu ya usiku, na nikirudi asubuhi chumba hakinipokei: kuta tupu, taa kali nyeupe, joto, na usingizi wa kukatikakatika. Mwenye nyumba hataki mtu apigilie msumari wala apake rangi. Nifanyeje?
– Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi wangekuambia uanze na mapambo, lakini kwa mtu anayekesha akihudumia wagonjwa, chumba kinachofariji ni kwanza kile kinachomwezesha kulala, na hilo ulishughulikie kabla hujatoa hata shilingi moja kwa ajili ya maua ya plastiki.

Kitanda kisiegemee ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, kwa kuwa tofali la saruji hufyonza joto na kulitoa polepole wakati ule ule unapolala. Kabati likiwa limeziba dirisha, kama ninavyoona katika vyumba vingi vya kupanga, lisogeze. Pazia liwe zito, lenye bitana ya rangi nyeusi, maana mwanga wa mchana huuambia mwili kwamba saa za kulala zimepita. Ila lining'inie mbali kidogo na nyavu ili hewa ipite. Kuhusu taa, tazama kwenye boksi la balbu namba yenye herufi K, uchague 2700, ambayo mwanga wake ni wa manjano na mtulivu, badala ya 6500, ambayo weupe wake unaoelekea bluu huchelewesha usingizi. Kama ni taa ya mrija, iache ilivyo, ununue taa ndogo ya mezani.

Viatu na sare za kazi viishie mlangoni, sare ndani ya beseni lenye mfuniko, ili wodi isikufuate hadi kitandani.

Sasa ndipo uje kwenye kuta. Kanga ya mama yako, ikitundikwa juu ya mlango wa kabati mpaka maneno yake yasomeke ukiwa umelala, itakuliwaza kuliko picha ya dukani ya maporomoko ya maji usiyoyajua. Mkeka wa ukindu kutoka nyumbani utandike kando ya kitanda, uwe kitu cha kwanza mguu unachokanyaga unapoamka. Ukipenda kufukiza udi, kama tunavyopenda wengi wa pwani, fukiza dirisha likiwa wazi, na chetezo ukitoe nje kabla hujalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Nakusihi usilipuuze hili.

Mwisho, waeleze mwenye nyumba na wapangaji wenzako kwamba unalala mchana. Wakijua, wengi watapunguza redio na kuwahamishia watoto upande wa pili wa ua.