Kamera 12 zinatosha kuorodhesha mamalia wa msitu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mafunzo kwa vitendo miezi miwili katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Nimepewa kamera za kutega 12, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, ili niorodheshe mamalia wa upande mmoja wa msitu. Wenzangu wanashauri nizifunge zote kando ya vijito kwa wiki mbili, eti ndiko wanyama wanakopita. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Hapana, usizifunge zote vijitoni. Ushauri huo unafaa nyika kavu, ambako kiangazi kikishika wanyama wengi hulazimika kufuata maji. Msitu wako una vijito kila bonde, kwa hiyo utawapata wapenda maji na kuwakosa wa kwenye miinuko.

Wiki mbili pia ni chache. Kamera 12 kwa siku 14 ni usiku-kamera (kamera mara idadi ya usiku) 168 tu. Hapo hapo Udzungwa, ufuatiliaji ulioanza 2009 hutumia vituo 60, kimoja kwa kila kilomita 2 za mraba, siku 30 kila kituo. Huwezi kufika huko, lakini miezi miwili unayo: tega vituo 12 kwa siku 30, kisha hamishia kwingine kwa siku 30 nyingine. Utapata usiku-kamera 720. Chora gridi ya miraba kwenye ramani kwanza, kila mraba na nukta yake ya kituo, ndipo utafute kinjia cha wanyama karibu na kila nukta.

Urefu wa kufungia kamera kutoka chini ndio unaoniuma zaidi, maana naona zikifungwa kifuani mwa mtu. Funga usawa wa goti, sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mita mbili au tatu kutoka kwenye kinjia, kisha fyeka majani yaliyo mbele ya lenzi. Mwaka 2005, kamera iliyotegwa msitu wa Ndundulu, humo humo milima ya Udzungwa, ilimnasa sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu, ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Alipewa jina rasmi 2008. Mnyama huyo ana gramu 700 hivi. Kamera ya kifuani ingempita juu.

Jambo jingine ni saa. Msaidizi wangu aliwahi kuandika "saa 2" daftarini, kamera ikisoma 08:00, na mimi nikaingiza 02:00 kwenye jedwali. Funo, swala mdogo wa msituni ambaye hutembea mchana, akageuka mnyama wa usiku, wakati minde, ndugu yake mkubwa zaidi, ndiye wa usiku hasa. Nilirudia jedwali zima. Tumia saa 24 kote, na kabla ya kuondoka kituoni pita mbele ya kamera ukiwa umeshika karatasi yenye namba ya kituo, tarehe na saa.

Picha mfululizo za mnyama wa aina ileile, kituo kilekile, ndani ya saa moja zihesabu kuwa tukio moja. Na ambaye hukumwona, andika "hakunaswa katika usiku-kamera 720", usiandike "hayupo".

Kamera za chini hazitakupa mamalia wote. Mangabei wa Sanje, aina ya nyani wa Udzungwa, hushuka ardhini, utampata. Mbega mwekundu hukaa juu mitini, kwa hiyo tembea njia iliyopimwa alfajiri ukihesabu makundi. Komba mtafute usiku kwa tochi, ukifuata mng'ao wa macho na mlio. Panya na virukanjia huhitaji mitego midogo na ndoo za kufukia ardhini ili watumbukie, popo nyavu. Mitego, ndoo na nyavu hizo zinamshika mnyama mwenyewe, kwa hiyo muulize msimamizi wako kama kibali chenu kinaziruhusu. Kama hakiruhusu, ripoti yako iite orodha ya mamalia wakubwa na wa kati.